NAFSINENEWA NI NANI?

Mwalimu na mtahiniwa, zingatia swali hili ambalo hujitokeza mara kwa mara katika ushairi: "Bainisha nafsinenewa katika shairi hili." Aghalabu mtahiniwa humtaja mtu anayesemwa katika shairi. Hapo alama hupotea, na maana ya shairi hupotea pia.

Chanzo cha utata ni neno lenyewe. Nafsinenewa ni neno ambatano. "Nafsi" lina asili ya Kiarabu, nalo katika sarufi huonyesha nafasi ya mtu katika usemi: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. "Nena" ni kitenzi cha Kibantu. Kinyambue katika kauli ya kutendea upate "nenea". Katika kauli ya kutendewa upate "nenewa". Kumbuka kwamba kauli ya kutendea haina maana moja. Kumsemea mtu huweza kuwa kusema kwa niaba yake, au hata kumshtaki. Ndiposa mwanafunzi akadhani kwamba anayenenewa ni anayezungumziwa. Katika uhakiki, nafsinenewa ni yule anayeambiwa, yaani nafsi ya pili.

Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Nafsineni inauhutubia moyo wake. Moyo huo ndio nafsinenewa. Matajiri wa Pate walioangamia wanazungumziwa tu. Ukiwafanya wao kuwa nafsinenewa, utaona lawama kwa wafu mahali ambapo mtu anajionya mwenyewe.

Tena usidhani kwamba nafsinenewa ni yule yule tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Utenzi wa Mwana Kupona (1858), mama mgonjwa anamwusia bintiye. Mume anatajwa sana, lakini haambiwi neno. Baadaye mama anamgeukia Mungu kwa dua, kisha anawaita wanawake wausome utenzi wake. Jibu "ni binti" basi linafaa beti za wosia, wala halitoshelezi utenzi mzima.

Katika ngonjera na malumbano, nafasi hizi hubadilishana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na malenga wa Lamu walipojibizana, aliyeambiwa leo ndiye aliyenena kesho. Hapo taja nafsinenewa kulingana na ubeti au shairi uliloulizwa.

Ufanyeje basi katika mtihani? Tafuta nidaa, vitenzi vya kuamrisha na viambishi vya nafsi ya pili kama vile u- na ku-. Jiulize: maneno haya yanaelekezwa kwa nani? Toa ithibati kutoka kwenye shairi. Tena usikimbilie kuandika "msomaji", isipokuwa shairi lenyewe limemwita. Mara nyingi sisi wasomaji tunasikiliza tu mazungumzo ya wenyewe.