Nani Hufungua Jedwali la Keroka?

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Masaba Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Upande wa pili ni Masaba Kusini, Kaunti ya Kisii. Mwenda sokoni huuvuka mpaka huo bila kuuona, lakini KHIS, hifadhidata ya taifa ya takwimu za afya, haiusahau hata siku moja. Kila tarakimu iliyomo imefungwa kwa mambo matatu: kilichohesabiwa, kituo kilichokihesabu, na mwezi. Kituo kimo katika wadi, wadi katika kaunti ndogo, kaunti ndogo katika kaunti. Hakuna ngazi inayouchukua mji mzima.

KHIS huendeshwa kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nayo Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011. Mwisho wa mwezi vituo hujumlisha rejista zao kwenye fomu kama MOH 705 ya wagonjwa wa nje na MOH 711 ya afya ya uzazi na huduma nyingine. Kwa kawaida fomu hutakiwa kukabidhiwa kufikia tarehe 5 na kuingizwa kufikia tarehe 15. Ripoti inayojulikana zaidi ni kiwango cha kuripoti, yaani fomu zilizopokelewa kwa kila 100 zilizotarajiwa. Wakubwa huipenda kwa sababu ni namba moja tu. Hata hivyo, inachopima ni ulishaji wa hifadhidata, si usomaji wake.

Usomaji una hesabu yake. Mtu akifungua chati, jedwali, ramani au dashibodi iliyohifadhiwa, DHIS2 huandika tukio hilo. Matukio hujumlishwa kwa siku, wiki, mwezi au mwaka, pamoja na idadi ya watumiaji hai na orodha ya chati zinazofunguliwa zaidi. Waliobuni hesabu hiyo walikuwa makini mahali pamoja: dashibodi inayojifungua yenyewe mtu anapoingia hutengwa na ile aliyoichagua kwa mkono wake. Bila hivyo kila aliyeingia angeonekana msomaji.

Mwanya umebaki, tena mpana. Mtumiaji hai ni yeyote aliyeingia, hata kama aliandika tarakimu za fomu akatoka. Watatu wanaotumia akaunti moja ni mtumiaji mmoja. Jedwali lililotengenezwa papo hapo bila kuhifadhiwa halihesabiwi kabisa, na lililochapishwa likabandikwa ukutani huhesabiwa mara moja ingawa wauguzi hulisoma mwezi mzima. Zaidi ya hayo, majedwali ya uchambuzi, ambamo chati huchota tarakimu, kwa kawaida huundwa upya usiku, hivyo tarakimu mpya hazionekani papo hapo. Karibu na tarehe 15 mtu anaweza kufungua chati ileile mara kadhaa akitazama tu kama tarakimu zake zimeshaingia.

Keroka huongeza tatizo la aina nyingine. Kiwango cha chanjo ni watoto waliochanjwa katika vituo vya eneo, kugawanywa kwa watoto wanaokadiriwa kuishi humo. Mama wa upande wa Kisii akimpeleka mtoto kituo cha upande wa Nyamira, chanjo huhesabiwa Masaba Kaskazini, ilhali mtoto amebaki katika makadirio ya Masaba Kusini. Eneo moja laweza kupita asilimia 100, jirani yake likaonekana limezembea. Chati mbili za kaunti, hata zikifunguliwa kila siku, hazimwonyeshi mtu kwamba kilichotokea ni safari ya dakika chache kwa miguu.

Dawa ni jedwali moja linalochagua vituo vya pande zote mbili za mji na makadirio ya kaunti ndogo zote mbili. Mfumo unaliruhusu, mradi akaunti ya mtengenezaji imepewa ruhusa ya kuona kaunti zote mbili. Akaunti inayoishia Nyamira haiwezi kulijenga. Likishahifadhiwa kwa jina lake na kugawiwa maofisa wa pande zote, ndipo hesabu ya usomaji inaweza kuonyesha mara ngapi limefunguliwa.