Mpaka Uliochorwa na Upepo

Mpwa wangu anatengeneza gemu. Ana laptopu nzee, na usiku, stima isipopotea, hukaa akichora nchi ambazo hazipo. Juzi alinitumia ramani yake ya kwanza. "Mjomba, niambie ukweli, usinibembeleze," akaandika. Basi sikumbembeleza.

Ramani yenyewe ilipendeza, hilo siwezi kumnyima. Kaskazini kulikuwa na milima ya theluji, katikati falme tatu zenye ngome za mawe, magharibi msitu wa mazimwi. Kusini kulikuwa na jangwa, baada ya jangwa pori, na baada ya pori maneno matatu tu: "Nchi Zisizojulikana Bado." Nikamuuliza: hazijulikani na nani? Wewe umezaliwa Kisauni. Theluji umeiona wapi?

Sio kosa lake. Ameyaokota kwenye gemu alizocheza. Chukua Total War: Warhammer II ya mwaka 2017. Dunia yake ni ya kubuni, lakini ukiitupia jicho mara moja tu unaitambua. Ulaya iko palepale ilipo Ulaya, na Afrika iko palepale ilipo Afrika, ila imebandikwa jina Southlands. Upande wa Ulaya una mazimwi yake, sawa, lakini una watu pia, wenye miji, majimbo na magomvi ya urithi. Upande wetu una mijusi inayotembea kwa miguu miwili, na pale ilipofaa kuwa Misri wanatawala wafu walioamka makaburini. Nakiri kuwa nimeicheza mijusi hiyo na nikaifurahia sana. Lakini mtu aliyejipa ruhusa ya kubuni dunia nzima, kwa nini aturudishie ramani ileile tuliyochorewa zamani?

Ndipo nikamwambia mpwa wangu aisome tena Kusadikika. Akaguna. Kwake hicho ni kitabu cha mtihani. Lakini Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na ndani yake alichora nchi ambayo mwenye gemu yeyote angeionea wivu. Mipaka ya Kusadikika si mito wala kuta. Ni pepo: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande.

Hebu fikiria hilo kama mtu wa gemu. Mstari wa mpaka ukishachorwa haubanduki mpaka mtu aubandue kwa vita. Upepo una majira. Mtu wa pwani analijua hili bila kufundishwa. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, yakarudi kwao. Bandari ileile ilikuwa karibu miezi kadhaa, halafu ikawa mbali miezi mingine, na hakuna jiwe lililosogezwa. Ramani ya namna hiyo ingemlazimisha mchezaji kungoja. Angejifunza kwamba jirani wa leo si lazima awe wa kumvamia, kwa sababu kesho upepo utageuka na utamhitaji.

Jambo la pili ni pande. Mwaka 2010 Civilization V iliacha miraba na kuleta vipande vya pembesita, na sasa jeshi likawa linakwenda pande sita. Kusadikika nayo ilituma wajumbe sita, lakini pande zake ni mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Hizo mbili za mwisho hazikai juu ya karatasi. Mpwa wangu alidhani mizimu na majini ni askari wa kuuzwa kwa dhahabu. Nikamwambia hapana, hao wana kwao, na ramani yako haijawapa mahali pa kukaa.

La tatu ndilo linalonikera zaidi, nalo ni ukungu. Katika gemu nyingi za aina hii, tangu Civilization ya kwanza ya 1991, ramani huanza ikiwa giza. Unatuma mpelelezi, anapopita panafunguka, na anachokiona yeye unakiona wewe papo hapo. Kujua kunakuwa kazi ya miguu tu. Shaaban Robert alijua kwamba mambo hayaendi hivyo. Wajumbe wake walirudi na habari za nchi zenye mambo mema ya kuigwa, na wakubwa wa Kusadikika wakawatia gerezani. Miguu ilifanya kazi yake, giza likabaki palepale. Kwa hiyo ukungu ule haukuwa umbali. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Sitaki kudanganya kwamba hili ni rahisi. Gemu ni lazima ichezeke. Mchezaji asiyejua kama yuko ndani au nje ya mpaka wake ataizima baada ya dakika kumi, na atakuwa na haki. Pia kubandika majina ya Kiswahili juu ya ngome zilezile hakutoshi. Hiyo ni rangi mpya kwenye matatu mbovu. Kazi iko kwenye kanuni: nini kinasogea, nani anaona, na aliyeona anafanywa nini.

Wiki iliyopita akanitumia ramani ya pili. Theluji imeondoka. Yale maneno matatu ya kusini yameondoka. Mipaka amekwama nayo, anasema hesabu ya pepo inaitesa laptopu yake. Lakini aliongeza swali moja: "Mjomba, mjumbe akirudi, nimpe mchezaji kitufe cha kumfunga?"

Nikamjibu: mpe. Na usimwambie mjumbe alikuja na nini mpaka awe ameshachagua.