Dawa ya Moyo Imewekwa Kabati la Kisukari

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza empagliflozini na jamii yake, dawa zinazotoa sukari kwa mkojo, kwenye Orodha ya Dawa Muhimu, likaziweka upande wa kisukari peke yake. Fungu la 12.4, la moyo kushindwa, halikupata hata moja. Bisoprololi, enalaprili na spironolaktoni zimo, na hapo sina neno. Lakini uamuzi ule wa kabati ulikuwa kosa, na mgonjwa wa Namboboto, kaunti ya Busia, ndiye anayelilipia.

Tazameni tarehe. Jaribio la DAPA-HF lilitoka 2019: wagonjwa 4,744, waliozidiwa na moyo au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 16.3 kwa dapagliflozini, ya jamii hiyohiyo, 21.2 kwa kidonge bandia. Zaidi ya nusu hawakuwa na kisukari, nao walinufaika kama wenzao. Mei 2020 Marekani iliiruhusu kwa moyo ulioshindwa, kisukari kiwepo kisiwepo. Mwaka huohuo jaribio la EMPEROR-Reduced likathibitisha kwa empagliflozini. Ushahidi ulikuwa mezani kabla wino wa orodha haujamwagika. Watetezi watasema kamati ya orodha hujadili maombi iliyoletewa tu. Hiyo ni kanuni ya kikao, na kanuni ya kikao haimtoi mtu maji mapafuni.

Sasa chukueni utafiti wa THESUS-HF wa 2012: wagonjwa 1,006 wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri miaka 52, chanzo kikuu shinikizo la damu, wenye kisukari takriban asilimia 11. Mioyo yetu huanguka mapema, na mara nyingi sukari haihusiki. Anayeweka dawa nyuma ya mlango wa kisukari amewafungia nje karibu tisa katika kila kumi. Na zahanati haiagizi dawa kwa kusoma majarida. Huagiza kwa orodha, na orodha za mataifa huandikwa kwa kuitazama ile ya dunia.

Waliopanga kabati lile waliangalia mkojo wenye sukari, hawakuangalia mitokondria. Moyo hutengeneza na kutumia kilo kadhaa za ATP, kibeba nishati cha seli, kwa siku, karibu zote kutoka mitokondria, ambazo hujaza kama theluthi ya seli ya msuli wake. Ukishindwa, sodiamu hurundikana ndani ya seli na kuifukuza kalsiamu kutoka mitokondria. Mzunguko wa Krebs hulegea, radikali huru huzidi. Maabara kadhaa zimeona dawa hizi zikiishusha sodiamu hiyo, na zinaongeza ketoni, kuni ambazo moyo mchovu bado huweza kuziwasha. Njia ipi ina uzito zaidi, wataalamu wanabishana. Lakini hakuna hata moja inayomtaka mgonjwa awe na kisukari kwanza.

Kukausha miguu kwa furosemidi si kutibu moyo. Vilevile, kwa kuwa nimetaja mitokondria, sijasahau jaribio la Q-SYMBIO la 2014, koenzaimu Q10 kwa watu 420, vifo asilimia 10 dhidi ya 18. Matokeo ya namna hiyo yalistahili jaribio kubwa la kuyathibitisha au kuyafuta, na hayakulipata.

Mwanapatholojia J.N.P. Davies hangepanga kabati hivi. Mulago, Kampala, mwaka 1948, alieleza mioyo yenye kovu la ndani ambayo vitabu vya Ulaya havikuwa na mahali pa kuiweka. Hakuilazimisha iingie kwenye ugonjwa wa mtu mwingine. Aliupasua moyo, akauangalia, akauandikia ugonjwa wake. Alikuwa na kisu, hadubini na macho. Kamati ya 2021 ilikuwa na majaribio ya maelfu ya wagonjwa.

Kwa hiyo dawa hizi ziandikwe fungu la moyo kushindwa, kwa jina, bila sharti la kisukari. Na kaunti isingoje Geneva: kamati ya dawa ya hospitali ya rufaa Busia inaweza kulianza jambo hili kwenye kikao chake kijacho.