Masoso ya Mzazi

Hapa Bunia mwanamke akijifungua, wageni huja na sabuni, vitenge, sukari, na wengine noti iliyokunjwa wanayomtia mzazi mkononi wakati wa kuaga. Vyote hupokelewa kwa shukrani. Lakini zawadi ninayoiheshimu kupita zote ni chupa ya mdomo mpana iliyojaa masoso: mahindi, soya na mtama, vilivyokaangwa, vikasagwa na kuchanganywa na mtu aliyejua kwamba mzazi hatakuwa na nguvu za kupepeta kitu. Sabuni hununuliwa mara moja, njiani tu. Masoso humtaka mtoaji ainame juani na jikoni kabla ya kubisha hodi, ili mwenzake abakiwe na kazi ya kuchemsha maji peke yake.

Uji wa kwanza wa masoso hayo ni wa mama mwenyewe. Mtoto atanyonya miezi 6 kwanza, ndipo naye aanze kulambishwa.

Kazi kubwa iko kwenye soya. Zaidi ya theluthi ya uzito wake ni protini, wakati mahindi hayana hata nusu ya hapo, lakini soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuifaidi protini hiyo, na ni moto tu unaoviondoa. Fundi wa masoso haitii soya kwenye maji baridi. Hungoja maji yatokote kabisa, ndipo aimimine, maana soya ikilowa na kupondwa kabla ya kupata moto hutoa ile harufu ya majani mabichi inayomfanya mtoto ageuze uso. Kisha huisugua kwa viganja mpaka maganda yaelee, huianika, huikaanga kwa moto mdogo mpaka punje ikiumwa ivunjike kwa mlio. Mahindi hukaangwa peke yake, na mtama peke yake, kwa sababu punje ndogo huungua wakati kubwa bado haijapata joto moyoni. Nimeonja masoso ya watu waliokaanga vyote kwenye sufuria moja. Uchungu wake hauondolewi na sukari yoyote.

Na vitatu hivi havikukutanishwa kwa bahati. Mahindi na mtama vina upungufu wa lisini, ambayo soya imejaa. Soya nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Mama zetu walioshika desturi hii hawakuhitaji majina hayo. Waliona mashavu ya watoto.

Adui wa chupa ni unyevu. Mvua za jimbo letu la Ituri huchukua sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi cha kuanikia kwa uhakika ni kati ya Desemba na Februari. Miezi mingine inabidi kupima, na kipimo kizuri kuliko vyote kimo ndani ya chupa yenyewe. Chukua chupa kavu, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha mkekani. Ikianguka yote chini, endelea. Napenda sana kumtazama mama mzee akiinua chupa hiyo kuelekea mwangaza wa mlango na kuizungusha taratibu. Anaisoma kama daktari anavyosoma picha ya mapafu. Ana haki ya kuwa mkali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na watu 125 walikufa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kwenye mashine ya kusaga, tia kwanza konzi mbili za mahindi yakombe mabaki ya mihogo ya mteja aliyetangulia, na unga wake uuweke kando. Unga ukitoka una joto. Ukiufungia hivyo hivyo, kifuniko kitatoa jasho usiku na unga utaganda juu. Utandaze kwenye kitambaa safi mpaka upoe.

Kule Marekani, ambako John Mason alipata hataza ya chupa ya kifuniko cha kuzungusha mwaka 1858, watu hupeana chupa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, maharagwe mekundu, dengu za njano, viungo. Zinapendeza. Hata hivyo mimi nachagua unga wetu wa rangi moja ya kahawia, usioonyesha kwa macho kazi iliyoingia ndani. Chupa yetu nayo ilikuwa ya mayonezi au kahawa, na kifuniko chake huchemshwa na kuanikwa mpaka harufu ya zamani iishe.

Karanga nazitia kwenye kichupa cha pembeni. Karibu nusu yake ni mafuta, na zikisagwa pamoja na masoso huyaharibu upesi. Vivyo hivyo ndagala wa Ziwa Albert, wanaopanda mjini kutoka Kasenyi na Tchomia: wakaushe, wasage, wape chombo chao. Na ukiweza, ongeza kijiko cha kimea, unga wa nafaka iliyochipuzwa, ikakaushwa na kupukutwa mizizi yake. Kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi. Watafiti wa lishe nchini Tanzania walilichunguza jambo hilo miaka ya 1980 na kulithibitisha.

Katika kambi ya Kigonze, pembeni mwa mji, wamo akina mama waliokimbia vita vya Djugu, na watoto huzaliwa humo humo. Masoso yao nayakaanga zaidi kidogo, ili uji uive kwa kuni chache. Siwapelekei chupa ya kioo. Mama aliyewahi kukimbia usiku na mtoto mgongoni huuliza kwanza kama chombo kitapasuka, kwa hiyo natafuta kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, na ndani yake naacha kikombe cha kupimia, kwa kuwa huenda hana.