Begani kwa Nargis

Boriti ya plau imemkalia begani. Ng'ombe hawapo, mume hayupo, shamba ni tope na mawe. Nargis anainama, si sana, akitafuta mahali ambapo mti utatulia kati ya shingo na mfupa wa bega, kisha anaanza kuvuta. Mikono yake haifanyi kazi kubwa. Inaishika boriti tu isiteleze. Nguvu inaanzia kisiginoni, inapanda gotini, inapita kiunoni, na inafika begani ikiwa imechelewa kidogo. Mguu unazama, anasubiri, anauchomoa, anautanguliza. Mdomo uko wazi kwa sababu pua peke yake haitoshi.

Nyuma yangu, mkekani, mama mmoja wa Kimatengo aliyeolewa huku ziwani akasema, "Huyu kalima."

Kwa mtu wa Mbinga, hiyo si sifa ya kugawa ovyo. Kule milimani wanaume hufyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari inayokatizana, kisha wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati na kuyafukia yale majani, mpaka mteremko wote unabaki na mashimo ya ngoro, ukuta kwa ukuta. Mwanamke aliyekulia kwenye ngoro hadanganyiki na mshiko wa jembe. Nimeona tamthiliya zetu nyingi ambamo binti wa kijijini anashika mpini karibu na chuma, anachokonoa ardhi mara mbili, halafu anafuta jasho ambalo halipo. Mama yule angezima runinga.

Picha yenyewe ilikuwa Mother India, ya mwongozaji Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1957. Ilitufikia Lituhi kwenye diski ya kuchomwa, ikachezwa uani kwa mwenye jenereta. Kwetu, mahali Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa na Manda ikiwa ng'ambo ya mto, usiku mzuri wa picha ulikuwa ule wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti kitu, kwa hiyo wanaume hubaki nchi kavu, na uani hukosi watu.

Kwa kawaida picha za nje zilikuja zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye jina lake ni Derek Mukandala, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alisema maneno ya wote, mwanamume kwa mwanamke, akaeleza mila, akaweka na mzaha wake, na wengi wetu tulimfuata yeye kuliko hata waigizaji. Diski hii haikuwa na mtafsiri wala maandishi chini ya picha. Kihindi chetu kilikuwa cha nyimbo tunazoimba bila kujua tunasema nini. Ikabidi tumtazame mwanamke mwenyewe anafanya nini, na naamini ndivyo tulivyopata bahati ya kumwona vizuri. Baadaye nilijua maneno yote ya picha ile, na sikuona kwamba yaliongeza kitu kikubwa kwa kile ambacho mwili wake ulikuwa umeshakisema.

Kazi ya mwigizaji Nargis humo ni kumzeesha Radha, mkulima anayemcheza, mbele yetu. Cha ajabu ni kwamba anaanzia mwisho. Picha inafunguka na bikizee mwenye mvi, uso umejikunja, anainua bonge la udongo na kulisogeza usoni. Trekta zinapita. Wanakijiji wanamtaka afungue mfereji mpya wa maji, naye hataki, wanambembeleza. Wanapomvika shada la maua ndipo kumbukumbu inamrudisha kwenye harusi yake. Kwa hiyo mtazamaji ameshajua mwanamke huyu ataishia wapi. Nargis hawezi kutushtua na uzee. Lazima aujenge hatua kwa hatua, hadi ufanane na ule tuliokwisha kuuona.

Anaanza na bibi harusi. Kichwa kimefunikwa, macho yako chini, na hata anapotembea nyumbani kwa mumewe hatua ni ndogo, kama anayeogopa kuamsha watu. Halafu anagundua deni. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma, alikopa rupia 500 kwa Sukhilala ili aifanye harusi ile, na wazee wa kijiji wanaamua kuwa robo tatu ya mavuno itakwenda kwa mkopeshaji kama riba tu. Kuanzia hapo hatua zinarefuka. Hajabadilishiwa mavazi wala hajapakwa rangi ya uzee. Ni miguu tu iliyoacha kuomba ruhusa. Nilikuja kuisimamisha sehemu hii kwa rimoti na kuirudisha, nione ni wapi hasa bibi harusi anageuka kuwa mkulima, nikashindwa kupaona. Hakuweka mpaka mahali pamoja. Aliugawa vipande vidogo vidogo na kuvitawanya.

Mume, Shamu, anapondwa mikono na jiwe kubwa walipokuwa wakilisafisha shamba. Aibu ya kulishwa inamshinda, anaondoka usiku, harudi tena. Kisha mafuriko, na hapo uani pakawa kimya, kwa maana anayelima mpunga bonde la Ruhuhu hahitaji kutafsiriwa maji. Radha amesimama ndani ya mafuriko, jukwaa la miti liko mabegani mwake, watoto wako juu ya jukwaa. Hawezi kusogea. Mikono imefungwa na kazi, miguu haionekani. Uigizaji wote umebanwa shingoni na machoni, na mpigapicha Faredoon Irani analijua hilo, anamkaribia. Mwigizaji mwingine angejaza uso wake vilio. Nargis anaubana. Anamwachia mtazamaji uzito wote aupime kwa mishipa ya shingo.

Baada ya maji, njaa. Anakwenda nyumbani kwa Sukhilala akiwa amegandwa na tope mwili mzima, na sote tunajua mkopeshaji anataka nini badala ya chakula. Hebu fikiria mwigizaji anayekubali kufunikwa uso katika tukio gumu kuliko yote aliyopewa. Tope limeficha mashavu, limeficha midomo, limebakiza weupe wa macho. Kwa weupe huo peke yake anapita kutoka kukata tamaa hadi ghadhabu, na Sukhilala anakula fimbo. Akina mama pale mkekani walipiga makofi kabla fimbo haijainuliwa, maana walishaiona ikija.

Miaka inasonga, watoto wanakuwa vijana, na hapa kuna hesabu ambayo nilipoipata nilirudi kuitazama picha yote upya. Nargis alizaliwa tarehe 1 Juni 1929. Sunil Dutt, anayecheza Birju, mwanawe mkorofi, alizaliwa tarehe 6 Juni mwaka huohuo. Mama na mwana wamepishana siku tano. Rangi nyeupe ya nywele haiwezi kuziba pengo kama hilo. Analiziba kwa namna ya kumtazama. Birju akiingia, Radha humkagua kwanza: miguu, nguo, tumbo, ndipo usoni, kama mzazi anayetaka kujua mtoto ametoka wapi na kama amekula. Akimshika, humshika kwa kiganja chote, bila kusitasita, kama kitu kilichowahi kuwa chake. Tukilitazama lile jitu lenye kifua kipana tuliona mtoto.

Wakati wa kupiga picha ya moto, Radha anapomtafuta Birju kati ya malundo ya majani yanayowaka, moto ulishindikana kweli na Nargis akazingirwa. Sunil Dutt aliingia akamtoa, akaungua. Machi 1958 wakafunga ndoa. Watu wanapenda kuisimulia picha hii kuanzia hapo, na mimi sishangai, ni kisa kitamu. Ila kinachonivuta zaidi ni kwamba tukio lile limo ndani ya picha, na ukilitazama huoni ushujaa wowote. Unaona mtu anayeangalia chini ya kila lundo.

Mwisho wake ni bunduki. Birju amekuwa jambazi, amemnyakua binti wa Sukhilala siku ya harusi ya binti huyo, yuko juu ya farasi. Radha anamwonya. Birju hamwamini, mama gani amuue mwanawe? Anafyatua. Sasa angalia mpangilio: mlio, kisha kitambo kifupi ambacho uso haufanyi kitu, kisha ndipo mama anapomrudia na kumkimbilia. Birju anakufa mikononi mwake, na mkononi mwa Birju kuna zile bangili za mama zilizowekwa rehani kwa mkopeshaji, ambazo amehangaika nazo tangu utotoni. Kitambo kile kifupi ndicho kilichonifanya niwe shabiki. Asingekiweka, tungeona mama aliyekosea. Alipokiweka tuliona mwanamke aliyeamua, na aliyejua bei.

Pakazuka ugomvi. Sheria ya vibanda vyote vya video inasema stelingi hafi, na vijana walikuwa wameshamteua Birju: ana bunduki, ana farasi, anapiga watu. Wakadai diski imekatwa, kuna sehemu ya pili. Akina mama wakawajibu kuwa stelingi yuko palepale, kasimama, hawakumwona tu kwa sababu kavaa sari.

Aliyeumaliza ugomvi ni babu mmoja aliyepata kufanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, enzi ambazo vijana wengi wa Ruvuma walikwenda huko kama manamba. Alikuwa amekaa akiukazia macho uso ule. "Huyu ni Rita," akasema. Alimjua kutoka Awaara, picha ya Raj Kapoor ya 1951, aliyoiona sinema mjini Tanga: Rita mwanasheria, anayemhoji mahakamani jaji ambaye ni baba wa mshtakiwa. Picha ile ilipendwa mno pwani yetu. Zanzibar watu waliijua nyimbo kwa nyimbo. Babu akaongeza kuwa hata Ruvuma tuna mtu wetu, kwamba kabla ya kuwa Waziri Mkuu, Rashidi Kawawa alikuwa mwigizaji, akacheza Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Vijana walimcheka. Lakini ni kweli.

Kwa mlango huo wa babu nilimfuata Nargis nyuma. Mwaka 1943 Mehboob Khan alikuwa ameshampa nafasi kubwa katika Taqdeer, akiwa msichana mdogo tu. Mbele ya kamera alikuwa amefika hata kabla ya hapo, mtoto wa miaka michache, mwaka 1935, na mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtengenezaji wa filamu. Kwa hiyo mwanamke aliyevuta plau alikuwa kazini kwa zaidi ya miaka 20 ingawa hakuwa ametimiza 30. Tuzo ya mwigizaji bora aliyopewa Karlovy Vary, Chekoslovakia, mwaka 1958 haikumwangukia mgeni wa kazi.

Katika picha za miaka hiyo nilijifunza kutazama koo lake. Waigizaji wa Kihindi wa wakati ule kwa kawaida hawakuimba wenyewe. Wimbo ulirekodiwa kwanza studio na mwimbaji, kwa Nargis mara nyingi Lata Mangeshkar, kisha siku ya kupiga picha sauti ikapigwa kwenye spika na mwigizaji akaifuata. Kufuata kwa midomo ni rahisi; mtoto yeyote wa Lituhi anaweza kufanya hivyo mbele ya redio. Kazi iko kwenye pumzi. Mwimbaji alivuta pumzi mahali fulani, na kifua cha mwigizaji lazima kiinuke hapohapo, si kabla wala baada. Koo likaze kwenye noti ya juu. Katika wimbo wa mvua wa Shree 420, wa mwaka 1955, ambamo yeye na Raj Kapoor wana mwavuli mmoja na kila mmoja anausukumia kwa mwenzake, Nargis anafanya mambo matatu kwa pamoja: anapumua kwa pumzi ya Lata, anausogeza mwavuli kwa kiasi cha kumkinga mwenzake bila kuuziba uso wake mbele ya kamera, na anaendelea kuwa mwalimu maskini anayeogopa kupenda. Nimeitazama bila sauti. Pumzi bado zinaonekana.

Imebaki Raat Aur Din ya 1967, picha yake kubwa ya mwisho, iliyompa tuzo ya taifa ya India. Humo anacheza wanawake wawili katika mwili mmoja, Varuna wa mchana na Peggy wa usiku, na nina hamu ya kuona anavyoigawa ile miguu. Mchoma diski wa Mbinga mjini ameliandika jina lake kwenye daftari, chini ya orodha ndefu ya picha za ngumi, na ameshaniuliza mara mbili kama nina hakika ni ya Kihindi.