"Zakayo, Shuka": Uhakiki wa Wito wa Maandamano na Suala la Ufisadi

Miongoni mwa semi zilizovuma katika maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya, ni chache zilizoenea upesi kama amri ya maneno mawili, "Zakayo, shuka". Jina la Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, lilikuwa limekwisha kubandikwa Rais William Ruto tangu 2023 kodi zilipoongezwa. Kitenzi "shuka" kililigeuza jina hilo la dhihaka kuwa dai. Mjadala juu ya maandamano yale umekuwa zaidi wa kisiasa na wa kisheria. Makala haya yanakusudia kuusoma wito wenyewe kama matini, kwa kuwa ndani yake mna jibu, ingawa ni nusu ya jibu, kwa swali linaloulizwa kila mara: je, maandamano ya umma ndiyo njia ifaayo ya kupambana na ufisadi serikalini?

Njia na maneno yake

Yafaa uchunguzi huu uanzie Dagoretti Corner, njiapanda iliyo magharibi mwa Nairobi, ambapo Barabara ya Naivasha itokayo Kawangware hukutana na Barabara ya Ngong iendayo mjini. Hapo pana makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, pana mafundi wa samani wanaopanga vitanda na makochi kando ya njia, na pana matatu zinazogombea abiria tangu alfajiri. Njiapanda hiyo imepewa jina la eneo kubwa zaidi la Dagoretti, ambako mnamo Oktoba 1890 Frederick Lugard, kwa niaba ya Kampuni ya Imperial British East Africa, alipatana na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome ya kuipatia chakula misafara iliyokuwa ikienda Uganda. Watu wa kampuni walipoanza kupora mazao ya wenyeji, wenyeji waliishambulia ngome hiyo, nayo ikateketezwa 1891. Haukupita muda mrefu kampuni ikajenga ngome nyingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Na mnamo 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Ngome iliteketea, lakini hesabu ya chakula kilichoporwa haikulipwa.

Msamiati wa ufisadi nao una asili yake katika njia za misafara. Neno "hongo", ambalo leo lina maana ya rushwa, katika karne ya 19 lilikuwa ni ada aliyotozwa mwenye msafara na mtawala wa mahali ili aruhusiwe kupita. Hongo ile ilitolewa hadharani, ikajadiliwa, na pengine ikapunguzwa kwa mapatano. Maana ya leo imebakiza kitendo cha kulipia njia na kuondoa uhadhara wake. "Kitu kidogo" na "chai" ni semi za kuficha zaidi, kwani kitu kidogo hakina jina wala kiasi, na chai ni ukarimu. "Fisadi" katika matumizi ya zamani aliweza kuwa mwasherati au mharibifu wa maadili; leo aghalabu ni mwizi wa mali ya umma. Maneno haya yote yanaonyesha jambo moja, kwamba ufisadi huishi kwa kukosa orodha. Hapana stakabadhi ya chai.

Sarufi ya wito

"Shuka" ni kitenzi katika hali ya kuamuru, nafsi ya pili umoja, na hapa hakina yambwa. Huelekezwa kwa mtu mmoja na hutimizwa na mwili mmoja kwa mara moja. Nguvu ya wito imo katika ufupi huu. Mwanafunzi, fundi wa samani na utingo wa matatu waliweza kuutamka kwa sauti moja bila ya kwanza kuafikiana juu ya fasili ya bajeti.

Lakini kisa cha Zakayo katika Injili ya Luka, sura ya 19, hakiishii kwenye mkuyu. Zakayo anaposhuka, anasimama na kuahidi mambo mawili: kwamba atawapa maskini nusu ya mali yake, na kwamba yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kitenzi cha sehemu hii ya pili ni cha namna nyingine kabisa. "Rudishia" kina mnyambuliko wa kutendesha na wa kutendea kwa pamoja. Hakikamiliki mpaka ijulikane ni nani anayerudisha, anarudisha nini, na anamrudishia nani. Kushuka kunahitaji sauti ya kuita. Kurudishia kunahitaji hesabu, mashahidi na majina ya waliodhulumiwa.

Katika kisa hicho umati una nafasi ya kustaajabisha. Zakayo, aliyekuwa mfupi, anapanda mtini kwa sababu umati umemzuia kuona, na anapoitwa, umati huo huo unanung'unika. Waandamanaji wa 2024 waliigeuza nafasi hiyo: umati ulijitwalia sauti ya mwenye kuita. Huo ni ubunifu halisi wa lugha na wa siasa pia. Hata hivyo, sauti iliyotwaliwa ilikuwa ya kuita tu. Sauti ya kudai malipo ilibaki katika sehemu ya kisa isiyoimbwa.

Umati na hoja katika fasihi

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuzifikiri njia hizi mbili. Katika tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo, ambayo ilitahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za upili za Kenya, mkondo wa matukio unaelekea kwenye mkusanyiko. Soko limefungwa, Tunu na wenzake wanawaita watu wa Sagamoyo, na utawala wa Majoka unaporomoka. Vijana wengi waliotoka barabarani 2024 walikuwa wa umri uliosoma tamthilia hiyo darasani. Kasoro yake, ikiwa ni haki kuiita kasoro, ni ile ya wito wa Zakayo: pazia hufungwa kabla hesabu za soko hazijafunguliwa.

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa 1951, imeifuata njia iliyo kinyume. Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, hana umati wowote nyuma yake. Analo baraza, na analo neno. Anawataja wajumbe sita mmoja baada ya mwingine, safari ya kila mmoja na dhuluma aliyofanyiwa aliporudi. Utetezi wake ni orodha, na ni orodha hiyo inayowafungulia wafungwa. Lakini msomaji wa leo hana budi kuuliza: ni baraza gani la kweli litakalomsikiliza Karama kwa siku sita, ikiwa nje ya mlango hapana mtu anayesubiri jibu?

Mizani ya matukio

Historia ya Kenya inalijibu swali hilo kwa ukali. Katika kashfa ya Goldenberg, iliyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ililipa mabilioni ya shilingi kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu, alitoa nyaraka za siri zilizosaidia kuifichua. Orodha ilikuwapo, Karama alikuwapo. Lakini Munyakei alipoteza kazi, akafa katika dhiki 2006, na tume ya uchunguzi iliyoundwa 2003 haikuzaa adhabu iliyolingana na hasara. Hoja isiyolindwa na watu huzikwa pamoja na mwenye hoja.

Upande wa pili, umati usio na orodha nao umeonekana mipaka yake. Mnamo 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi, na mnamo 11 Julai akalivunja baraza la mawaziri. Hapana hoja ya mahakamani ingaliweza kuleta hayo kwa muda wa siku 16. Lakini kabla ya mwezi kwisha baadhi ya mawaziri walioachishwa walikuwa wamekwisha kuteuliwa tena, na mnamo Desemba 2024 baadhi ya hatua za kodi zilirudi kwa sheria nyingine. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliokufa katika maandamano ya Juni na Julai ya mwaka huo. Na katika siku moja tu, 7 Julai 2025, zaidi ya 30. Lawama ya vifo hivyo haiwezi kutupiwa kaulimbiu. Ni ya waliofyatua risasi na ya waliowatuma. Hata hivyo, gharama hiyo inampasa kila anayeita watu barabarani ajiulize wanaitwa kudai nini hasa.

Mfano wa tatu ni mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Mnamo Julai 2024 Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa, alizianika nyaraka zake. Mnamo Septemba Mahakama Kuu iliusimamisha mpango huo kwa muda, na wafanyakazi wa uwanja wakagoma. Mnamo 21 Novemba, baada ya Gautam Adani kushtakiwa Marekani kwa madai ya hongo, madai ambayo kampuni yake iliyakana, Rais aliufuta. Hapa orodha ilitangulia, umati ukaifuata, na mahakama ikapata la kuamua. Ni kweli kwamba pigo la mwisho lilitoka ng'ambo. Lakini lilikuta mlango umekwisha kutikiswa.

Tamati

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 37, imeziweka haki za kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha, katika sentensi moja na haki ya kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Mpangilio huo si wa bahati. Watu huandamana, yaani hufuatana, na kinachofuatana hupasa kufika mahali kikiwa kimebeba kitu. Maandamano ya 2024 yalijisifu kuwa hayana kiongozi, na sifa hiyo iliyakinga na wanunuzi. Lakini iliyanyima pia mtu wa kupokea jibu na kulikagua.

Kwa hiyo maandamano ni njia halali na, kwa ushahidi wa Goldenberg, ni njia ya lazima. Upungufu wake ni wa mnyambuliko. Sheria ya Kenya ya 2003 dhidi ya ufisadi inamtoza aliyehukumiwa faini ya ziada iliyo mara mbili ya faida aliyoipata au hasara aliyoisababisha. Ni nusu ya alivyoahidi Zakayo, lakini ni kitenzi cha jamii ya "rudishia", na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zingeweza kukipatia yambwa zake. Wito utakaotoka Dagoretti Corner na kushika Barabara ya Ngong kuelekea mjini, ukiwa na jina la mradi, kiasi cha fedha na kijiji kilichokosa zahanati, utakuwa mgumu zaidi kuuimba. Utakuwa mgumu zaidi pia kuujibu kwa kubadilisha mawaziri.

Zakayo akishashuka, kisa ndipo kinapoanza.