Maungamo Mepesi ya Montaigne

Katika kitabu cha pili cha insha zake, Michel de Montaigne, bwana wa mashamba ya mizabibu na aliyepata kuwa hakimu wa mahakama kuu ya Bordeaux, akiri ya kwamba haujatimia mwezi tangu alipofumaniwa hajui kazi ya hamira katika kuumua mkate. Aongeza ya kwamba nafaka hawezi kuzipambanua shambani wala ghalani, isipokuwa tofauti yake iwe dhahiri mno, na ya kwamba kabeji na saladi za bustani yake mwenyewe humtatanisha. Majina ya watumishi wake hayakai kichwani, hata hulazimika kuwaita kwa kazi zao au kwa nchi walizotoka. Yote haya ayasema bila kuona haya na bila kuomba radhi, kama mtu anayezungumza na jirani barazani baada ya chakula cha jioni.

Msomaji aliyezoea vitabu vya hekima hushangaa. Kwa nini mtu apoteze wino na karatasi kumweleza mgeni ya kwamba apenda matikiti kupita matunda yote, na ya kwamba kwa pupa ya kula huuma ulimi wake, na mara nyingine hata vidole vyake? Kwa nini ulimwengu uarifiwe ya kwamba figili zilimpatana, kisha zikamkataa, kisha zikampatana tena? Swali hili si la wasomaji wa leo tu. Blaise Pascal, katika karne ya 17, aliliona shauri zima la mtu kujichora mwenyewe kuwa ni upuuzi, ijapokuwa yeye Pascal aliyachota mengi katika kisima hichohicho.

Zaidi ya hayo, nyakati zenyewe hazikuwa za mzaha. Montaigne alizaliwa mwaka 1533, akajitenga na kazi ya serikali mwaka 1571, akahamia katika mnara wa nyumba yake pamoja na vitabu vyake vipatavyo elfu moja, chini ya boriti zilizoandikwa maneno ya Kiyunani na ya Kilatini. Vita vya dini vilikuwa vimekwisha kuanza Ufaransa tangu mwaka 1562. Mwaka 1572 Waprotestanti walichinjwa Paris, na mauaji yakaenea katika miji mingine, Bordeaux ikiwa mmojawapo. Vitabu viwili vya kwanza vya insha vilitoka mwaka 1580, na cha tatu mwaka 1588. Matikiti na figili basi yaliandikwa wakati majirani walipokuwa wakiuana kwa ajili ya misa. Yamkini mtu akasema ya kwamba huu ni mchezo wa bwana aliyeshiba. Lakini ni vema kwanza kutazama maungamo hayo yafanya kazi gani mahali yalipowekwa.

Insha ya kutazamwa kuliko zote ni ile ihusuyo vitabu. Hapo Montaigne akiri ya kwamba husoma ili apate starehe ya halali, na ya kwamba akikuta mahali pagumu hujaribu mara moja au mbili, kisha hupaacha. Kitabu kimoja kikimchosha huchukua kingine. Tena kumbukumbu yake ni dhaifu hata imempata mara nyingi kufungua kitabu akidhani ni kipya, kumbe alikisoma miaka michache kabla na kukijaza maandishi yake pembezoni. Kwa sababu hiyo alijizoeza kuandika mwisho wa kila kitabu tarehe aliyokimaliza na maoni aliyoyapata, na katika insha hiyo awanakilia wasomaji maoni yake juu ya Guicciardini na Commines kama yalivyo.

Mpaka hapa ni mzaha wa mtu mvivu. Lakini papo hapo, kwa sauti ileile, atamka jambo zito kweli: Cicero humchosha. Dibaji zake ni ndefu, vigawanyo na maelezo ya maneno vyala sehemu kubwa ya kazi yake, na mtu akimsoma kwa saa nzima, kisha akitafuta alichopata, aghalabu hupata upepo mtupu. Na mazungumzo ya Plato pia, asema, yakokota miguu. Yafaa kukumbuka Cicero alikuwa nani katika shule za karne ile. Alikuwa ndiye kipimo cha usemi. Mwanafunzi aliyemdharau alistahili fimbo. Mwanachuoni ambaye angetaka kumwondoa katika kiti chake angelazimika kuandika kitabu kizima chenye ushahidi. Montaigne hakufanya hivyo. Alitangulia kujivua joho la mwanachuoni, akasema ya kwamba anachopima ni macho yake mwenyewe wala si ukubwa wa vitu. Na kwa kuwa amekwisha kuonyesha ya kwamba hana haya kukiri usahaulifu wake, msomaji hana sababu ya kudhani ya kwamba adanganya juu ya uchovu wake. Huo ndio uhakiki wa kwanza ambao hauulizi kitabu kinasifiwaje, bali wauliza kilimtenda nini aliyekisoma. Na mapenzi yake, kwa Plutarch aliyefasiriwa na Amyot na kwa Seneca, yapata nguvu kwa njia hiyohiyo.

Msomaji wa Kiswahili hukutana hapa na kikwazo kidogo chenye mafunzo. Neno la Kifaransa alilolichagua Montaigne kwa maandishi yake maana yake ni majaribio. Neno letu insha latokana na Kiarabu, na maana yake ni kutunga, kuunda. La kwanza laruhusu kazi isiyokwisha. La pili lataka kitu kilichokamilika, chenye mwanzo, kati na mwisho, nacho ndicho ambacho mwalimu hukidai darasani. Shaaban Robert alipotoa kitabu chake mwaka 1954 alikiita Kielezo cha Insha, na jina lenyewe laonyesha nia ya kumpa mwanafunzi mfano wa kuufuata. Hata alipoyaandika maisha yake mwenyewe, alitia ndani yake tenzi za mawaidha kwa wanawe. Huo ni uungwana, tena una heshima yake: mkubwa hujieleza ili mdogo afaidike. Lakini mtu mzima anayekiri kwamba hajui hamira, bila kugeuza kutojua huko kuwa funzo, bado ni mgeni katika nathari ya Kiswahili, ingawa katika baraza na katika utani yeye ni mwenyeji wa siku nyingi.

Shtaka kubwa juu ya Montaigne halikutoka kwa Pascal, bali kwa Jean-Jacques Rousseau, ambaye katika karne ya 18 aliandika maungamo yake mwenyewe. Rousseau alisema ya kwamba mtu huyu ajifanya kukiri makosa yake, lakini huchagua yale yanayopendeza tu. Amejichora kwa upande mmoja wa uso, na huenda upande wa pili una kovu. Mhakiki hawezi kulitupa neno hili. Nani atamchukia mtu kwa sababu ya matikiti? Ungamo jepesi laweza kuwa pazia, na kadiri linavyochekesha ndivyo lisivyoonekana kuwa pazia.

Ushahidi mmoja upo. Montaigne alizaliwa watoto wa kike sita, na watano kati yao walikufa wakingali wachanga. Katika insha zake asema ya kwamba amepoteza watoto wawili au watatu wakiwa kwa mlezi, si bila majuto, ila bila huzuni kubwa. Wawili au watatu! Msomaji aweza kusema ya kwamba ni kumbukumbu ileile mbovu iliyosahau majina ya watumishi. Lakini nyumbani alikuwa na kitabu cha tarehe, nacho kimesalia, ambamo aliandika kwa mkono wake kuzaliwa kwa kila mtoto na kufa kwake. Hesabu aliijua. Mahali hapa wepesi wa ulimi wake umepita kiasi, na Rousseau ashinda.

Hata hivyo hashindi mahali pote. Mwaka 1580 Montaigne alifunga safari ya Ujerumani na Italia, akiitafutia dawa maradhi ya vijiwe yaliyomtesa. Daftari ya safari hiyo haikukusudiwa kuchapwa, wala haikuchapwa hata mwaka 1774. Ndani yake mna maungamo ya kila siku yasiyo na mapambo: bilauri ngapi za maji ya chemchemi amekunywa, kijiwe kimetoka saa ngapi, mito ya maji ya kuchezea wageni katika bustani za watawala, ngoma aliyowafanyia watu wa mashambani. Sehemu kubwa yachosha, na kuchosha kwake kwathibitisha ya kwamba figili za insha zilichaguliwa kwa kazi maalumu. Kisha, siku moja ya Mei 1581, katikati ya habari za maji na tumbo, aandika ya kwamba alimkumbuka rafiki yake Étienne de La Boétie, akazama katika fikira hiyo kwa muda mrefu hata ikamdhuru. La Boétie alikuwa amekufa mwaka 1563, miaka kumi na minane nyuma.

Insha juu ya urafiki ilipochapwa mwaka 1580, sababu ya mapenzi yale haikutajwa. Mwandishi alisema tu ya kwamba haielezeki. Katika nakala ya chapa ya mwaka 1588 aliyoendelea kuijaza mpaka kufa kwake mwaka 1592, ambayo imehifadhiwa Bordeaux, jibu limeongezwa pembezoni kwa mkono wake. Ni maneno machache sana, nayo yameandikwa kwa wino wa namna mbili: nusu ya kwanza siku moja, na nusu ya pili siku nyingine.